Usiwamwagilie Miche Yao

Ipo siku moja ya palizi ambayo sijaisahau, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka miwani. Nilikuwa nimeolewa mwaka uleule, nimeletwa huku upande wa Kebirigo, na shamba langu la kwanza lilikuwa la wimbi, yaani ulezi. Kwetu kule Ogembo baba alilima ndizi na mahindi. Wimbi mimi nilikuwa naujua ukiwa uji.

Sasa, wimbi una shida yake. Kuna nyasi inayoota katikati yake na kufanana nao mno, mpaka wakati wa kutoa masuke. Anayejua huitambua kwa vidole, maana jani lina namna yake ya kulala. Mimi siwezi kukueleza kwa maneno. Asiyejua hung'oa chakula akaacha nyasi.

Tulikuwa tunapalilia kwa egesangio, yaani wanawake majirani tunasaidiana, leo shamba la huyu, kesho la yule, na kila mtu anapewa kipande chake. Alikuwapo Bosibori, alikuwapo Nyaboke mwenye kicheko, na Kerubo mke wa shemeji yangu. Mkubwa wetu alikuwa Moraa, mama mzee asiyekuwa na haraka na mtu, tuliyemwita Mong'ina kwa heshima ya umri wake. Kerubo alikuwa na huruma. Kila nilikopita yeye alikuja nyuma yangu polepole, akirudishia nilichong'oa na kung'oa nilichoacha. Kwenye mashamba ya watu nikasifiwa kwamba bibi harusi ana mkono mzuri. Na mimi nikaamini.

Ilipofika zamu ya shamba langu, Moraa alimwona Kerubo ameinama kwenye kipande changu.

"Kerubo, toka hapo."

"Mong'ina, huyu ni mgeni. Ataharibu."

"Aharibu. Shamba si lake? Ama utampalilia mpaka apate wajukuu?"

Nyaboke akaangua kicheko. "Mwache, Mong'ina, labda Kerubo anatafuta mke!"

Moraa hakucheka. Alinigeukia mimi. "Na wewe usinitazame hivyo. Sikuchukii. Palilia."

Nilipalilia huku machozi yanadondoka kwenye udongo. Wakati wa kuvuna, kipande changu, ambacho kilikuwa nusu ya shamba, kilikuwa nyasi tupu, ndefu, yenye afya. Mume wangu, Nyakundi, Mungu amrehemu, aliifyeka akawapa ng'ombe. Mwaka huo tuliomba wimbi kwa watu. Lakini msimu uliofuata vidole vyangu vilikuwa vimejua, na havijasahau, hata sasa ambapo haviwezi kufunga kifungo cha sweta.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa sababu ya Kwamboka, mjukuu wangu, na kwa sababu nawe umesema umeajiriwa kufundisha. Kwamboka anafundisha kilimo na sayansi, Gredi ya Saba mpaka ya Tisa, wale watoto ambao wakitoka hapo huenda sekondari ya juu kuchagua njia ya maisha. Yuko peke yake kwa masomo hayo. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo siwezi kumpangia kazi. Namwona tu anavyopungua mwili.

Muhula huu alikuwa anakuja kila Jumapili, Sabato ikishapita, kuniomba miche ya sukuma wiki kwenye kitalu changu. Siku moja nikamuuliza.

"Ile ya wiki jana iko wapi?"

"Mingine imekufa, Magokoro," akasema; ndivyo kwetu bibi anavyoitwa.

"Nani aliipanda?"

"Watoto."

"Na hii, nani ataipanda?"

Akaweka kikapu chini. Ndipo akanieleza. Kila kundi la wanafunzi lilipewa matuta mawili. Moja wafunike kwa nyasi kavu, la pili waliache wazi, kisha waangalie lipi litastahimili jua. Matuta yaliyo wazi yakaanza kunyauka. Naibu wa mkuu wa shule akapita, akasema wazazi wanakuja kutembelea shule na miche iliyokauka inamwaibisha mwalimu. Basi Kwamboka akawa anabaki jioni watoto wakishaenda, anamwagilia matuta ya wazi, na mche uliokufa anaung'oa na kupanda wa kwangu.

"Nimechoka," akasema. "Muhula ukiisha naacha. Naenda Kisii mjini kuuza nguo na Zainabu, rafiki yangu. Nguo hazinyauki."

Nilimnyima miche. Nikamweleza habari za Moraa.

"Magokoro, hayo ni ya zamani. Moraa hakuwa na naibu juu ya kichwa chake."

Nikacheka, maana ilikuwa kweli. Yeye hakucheka. Akaondoka bila kunywa chai, na mimi nikabaki nimeketi, nikijiuliza kama nimemsukuma kwa mkono wangu mwenyewe aiache kazi aliyoisomea.

Wiki hiyohiyo alikwenda shuleni mama mmoja, Kemunto, anayeuza mboga sokoni. Binti yake Nyanchama yuko Gredi ya Nane. Alibeba karai limejaa miche iliyokauka. Hakuenda kugombana.

"Mwalimu," akasema, "binti yangu aliniambia kufunika kwa nyasi ni kazi bure, kwamba mmepima hapa shuleni na matuta yote yako sawa. Nikamsikiliza, kwa kuwa yeye ndiye anayesoma. Tazama basi. Mboga ya msimu wote."

Kwamboka alinisimulia haya ameketi mlangoni, hajavua viatu. Alisema hakuna kelele ya naibu iliyowahi kumuuma kama upole wa mama huyo. Kesho yake alisimama mbele ya darasa akawaambia wanafunzi alichokuwa akifanya jioni. Mmoja akasema, "Ticha, kumbe ulikuwa unatubeba!" Wakacheka wote, isipokuwa Nyanchama.

Miche ya kumpa Kemunto ilitoka kwenye kitalu changu, na hiyo niliitoa kwa moyo mweupe. Matuta ya shule yakaachwa. Yaliyo wazi yakakauka, naibu akasema aliyosema, wazazi wakaja wakaona. Lakini Kwamboka anasema sasa watoto wanabishana. Huyu anasema ni jua, yule anasema ni udongo, mwingine anauliza mbona tuta lililo karibu na migomba lilipona. Nyanchama huingiza kidole udongoni kila asubuhi kabla ya kengele, wala haambiwi.

Usidhani mambo yamenyooka. Kwamboka bado amechoka. Wiki nyingine anataja duka la Zainabu, wiki nyingine hataji, na mimi sijui ataamua nini. Ninachojua ni kwamba jioni anarudi nyumbani jua likiwa bado juu, na ameanza tena kula.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usiifanye kazi ya mwanafunzi ukamwacha aamini ni yake. Mfundishe, mwonyeshe, rudia hata ukichoka, kisha rudi nyuma uone uchungu wa kutazama kitu chake kikifa. Uchungu huo ni sehemu ya mshahara wako. Mtoto ukimficha kosa lake shuleni, atakwenda kulifanya nyumbani, na nyumbani ndiko watu wanakokula. Ukikosea wewe, waambie wazi. Watakucheka kidogo, halafu wataanza kukusikiliza.

Mungu akupe mvua ya kiasi na mgongo usiouma kabla ya umri wake. Akupe hata mtoto mmoja tu wa kuuliza kwa nini. Na kila jioni, ukifunga mlango wa darasa, uwe umechoshwa na kazi yako mwenyewe, ulale usingizi. Nenda na baraka zangu.