Hukumu za Beatha, Mpima Gemu wa Rau

Beatha hakuwa mpole, na mimi siwezi kumsingizia upole kwa sababu tu ameumizwa. Nimekaanga chipsi mlangoni pa banda lake la gemu hapa Rau tangu alipolifungua. Nimemsikia akitukana kwa Kiswahili na kwa Kirombo, na nimemwona akimtoa nje mwanamume mzima kwa ukosi wa shati kwa sababu alirusha pedi ya kuchezea ukutani baada ya kushindwa.

"Pedi imekukosea nini? Vidole vyako ndivyo vizito," alimwambia, akamfungia mlango.

Alichopenda ni gemu za kupigana. Za mpira aliwaachia wateja. Yeye alitaka ngumi, mapanga, mifupa inayosikika ikivunjika, damu inayoruka mpaka unataka kujifuta uso. Kila Jumamosi mchana alikaa kiti cha mbele, watu wamejaa nyuma yake mpaka kwenye karai langu, akacheza gemu mpya huku simu inamrekodi. Akimaliza anatoa hukumu, na hukumu zake zilikuwa za jikoni. Gemu nzuri aliiita mtori, ile supu yetu nzito ya ndizi na nyama. Ikiwa inaanza taratibu na kunoga mbele, aliwaambia watu, "Kunyweni mtori, nyama ziko chini." Mbaya ilikuwa maji ya kuoshea ndizi. Chaneli yake ilitazamwa hadi Dar, na walikuwepo vijana ambao hawapakui gemu mpaka Beatha aseme.

Waliomchukia walikuwepo pia. "Mwanamke anajua nini vita?" waliandika kwenye komenti. "Nenda kapike." Alizisoma kwa sauti, anacheka, huku vidole vyake vinamvunja mtu mbavu kwenye kioo. Nikimwambia achana nao, alijibu kwamba anayekutukana amekiri umemgusa. Nami nikamwambia wengine wakiguswa wanauma.

Sasa kuna Davis. Huyu ni mzaliwa wa Mkuu, mji wa kule Rombo, amesomea kompyuta, na hapa mjini anakaa na mama yake, Mama Hellen, na mdogo wake Given, fundi simu. Kwa miaka mingi Davis alijifungia ndani akitengeneza gemu yake mwenyewe, akaiita *Damu ya Migombani*. Sote tulikuwa tunaisubiri. Mtu wa kwetu, gemu ya kwetu, nani hataki? Given ndiye aliyeileta bandani ilipokamilika. Alikuwa mteja wa kila siku, hukaa karibu na Beatha kuliko wote na kucheka kabla Beatha hajamaliza sentensi.

Jumamosi hiyo banda lilitaka kupasuka. Shujaa wa gemu ana sime, anashuka kati ya migomba kuwavamia waliochoma kijiji chake. Beatha alikuwa na furaha mpaka miguu inamcheza.

"Huu ndio mtori! Tazama sime inavyoingia begani, aisee!"

Watu wakapiga kelele, mikono ya maadui ikaanguka kwenye majani, Given akawa anapiga makofi kuliko wote. Ndipo adui wa mwisho akapiga magoti, akainua jani la isale. Kwenye kioo yakatokea maandishi: Mkate kichwa, pointi mara mbili.

Kwa asiye wa huku, isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Mtu aliyekukosea akikujia ameshika jani lake, umeshikwa. Unasamehe, hata kama amemuua ndugu yako. Ukikataa, unaogopwa wewe kuliko yeye, na wazee watakwambia laana imehama kwake imekuja kwako.

Beatha aliweka pedi chini. Nami nikaacha kugeuza chipsi.

"Davis," aliiambia simu, "picha zako nzuri, mapigo mazuri, damu nzuri. Lakini anayemkata mwenye isale si shujaa, ni mnyama, na aliyetunga hivyo hana kwao. Haya hata si maji ya kuoshea ndizi. Hii ni sumu. Msiipakue."

Given alitoka bila kuaga.

Watu hawakuipakua. Wazee ambao hawajawahi kushika pedi walitumiana ile video kwenye simu na kumlaani Davis kwa jina. Wenzake Davis nao wakamjia juu Beatha. Waliandika kwamba ameua kazi ya kijana wa nyumbani kwa ajili ya majani, kwamba ana wivu, kwamba watamkata vidole aone atacheza na nini. Beatha akasoma zote kwa sauti, ila safari hii hakucheka.

Jumamosi iliyofuata walikuja wanne, jua likiwa utosini. Walivaa zile kofia za wapagazi wa mlimani zinazoacha macho tu, mikononi wana nyundo na nondo. Televisheni ya kwanza ilipopasuka wateja walitoka wakiruka juu ya meza yangu. Beatha hakukimbia. Aliinua kiti akampiga wa mbele mdomoni, nikasikia meno yakigonga sakafu. Mwingine akamdaka nywele kwa nyuma akamvuta chini, wakampiga mateke ya tumbo na ya uso mpaka damu ikamziba macho. Kisha mmoja akaushika mkono wake wa kulia, akaunyoosha sakafuni kama mtu anayenyoosha nguo ya kupiga pasi, na mwenye buti akaanza kuukanyaga. Pigo la kwanza Beatha alilia. Baadaye hakuwa na sauti, ila mifupa ndiyo ilisikika.

Mimi nilikuwa na upawa uliojaa mafuta yanayochemka. Sijutii, na kasisi anajua kwamba sijutii. Niliingia nikammwagia aliyeushika mkono, kuanzia shingoni hadi mgongoni. Alipoivuta kofia, ngozi ya shingo ilikuja nayo. Alikuwa Given.

Wenzake walimruka wakakimbia. Polisi walimchukua Given, wakampeleka kwanza kutibiwa, wakamhoji, akakataa kumtaja yeyote. Ndugu zake wakamtoa kwa dhamana. Beatha aliambiwa na daktari kwamba vidole vyake viwili havitakunjika tena.

Alikuwa na nia moja tu iliyomtoa kitandani, kuwaona wote wanne kizimbani. Na hapo ndipo jamaa wa Given walipoonyesha akili yao. Walikuja kwao Beatha asubuhi ya Jumapili, baada ya misa. Mbele alikuwa Given, bandeji shingo nzima, ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Nyuma yake Mama Hellen na mjomba wao, mzee Vedastus. Pembeni alisimama rafiki wa Davis ameinua simu, anarusha moja kwa moja kwenye ukurasa wa ile gemu. Davis hakuwepo. Tuliambiwa amesafiri.

Nilielewa mtego mara moja. Akipokea, amesamehe, na hakuna mzee atakayemruhusu kuendelea na kesi. Akikataa, dunia nzima inamwona mwanamke aliyesema anayemkata mwenye isale ni mnyama, naye anamkata. Watu wangecheka mpaka chaneli ife.

"Pokea, mwanangu," alinong'ona mama yake Beatha, Anyesi. "Isale haikataliwi."

"Tumekuja kwa unyenyekevu," alianza mzee Vedastus. "Vijana wamekosa, na sisi kama wazazi..."

"Shikamoo, mzee," Beatha alimkatiza. Uso wake ulikuwa bado umevimba, jicho moja halifunguki. "Mimi isale naipokea. Nilisema, na sitameza maneno yangu. Lakini anayeishika anataja kosa lake. Hata kwa babu yangu ilikuwa hivyo. Given, taja."

Given alimtazama mama yake, akapiga magoti.

"Nilikukosea."

"Kosa gani?"

"Nilikuja bandani kwako."

"Ukafanya nini?"

Given akaanza kulia, na bandeji ikaanza kulowa maji ya kidonda. Alisema amevunja televisheni ya dirishani. Alisema amempiga teke la mbavu, mara nyingi, na kwamba alisikia kitu kikilia ndani, akaendelea. Alisema aliuchukua mkono wake akaunyoosha.

"Ulijua ni mkono gani?"

"Nilijua. Nimeutazama kila siku ukicheza." Akaliinamia jani. "Niliushika. Sikuukanyaga. Aliyekanyaga ni kaka. Davis ndiye alisema tuvunje wa kulia."

Mwenye simu akaishusha haraka.

"Inua hiyo simu," Beatha alimwambia. "Mlitaka watu waone. Waache waone."

Sijui ni sauti yake au ni macho ya majirani waliokwisha kujaa uani, lakini yule kijana aliinua. Beatha akainama na kulipokea jani kwa mkono wa kushoto.

"Nimekusamehe, Given. Kwangu umemaliza. Simama."

Wote tulipumua isipokuwa Mama Hellen. Alikwenda mbio kwenye mpaka wa shamba, akang'oa jani lingine, akarudi akapiga magoti mavumbini mbele ya msichana wa umri wa kuwa bintiye.

"Na hili la Davis, mwanangu. Nakuomba. Ni mtoto wangu wa kiume wa kwanza."

"Mama, simama, unanitia aibu," Beatha alisema, na sasa ndiye aliyekuwa analia. "Wewe hukunivunja mkono. Aje mwenyewe aseme kama alivyosema mdogo wake, nitapokea. Naapa nitapokea."

Mzee Vedastus alitoa simu yake na kumpigia Davis, akaweka sauti kubwa ili mama asikie. Iliita kwa muda mrefu. Mama Hellen hakunyanyuka, akaisogelea simu kwa magoti.

"Davis, mwanangu, njoo. Amekubali. Nimekushikia isale, njoo tu useme, yataisha."

Sauti ya Davis ilitoka kavu, na nyuma yake tulisikia trekta.

"Mama, acha ujinga. Hilo ni jani tu. Litupe, urudi nyumbani."

Akakata.

Given alijifunika uso. Mama Hellen alilitazama jani mkononi mwake, akalilaza chini taratibu, akasimama, akakung'uta vumbi magotini. Kisha akanigeukia mimi, niliyemchoma mwanawe mwingine, kwa sababu nadhani nilikuwa wa karibu zaidi.

"Yuko Kahe," alisema. "Kwenye mashamba ya mpunga, kwa shemeji yangu. Twendeni kituoni, nitawaonyesha polisi nyumba."