Siafu wa Ukweni

Hadithi hii inanifanya nionekane mjinga, najua. Lakini Sitalike nzima wanaisimulia tayari, tena wanaongeza chumvi, bora niisimulie mwenyewe.

Nilienda Kasansa kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu. Mshenga, mzee jirani yetu, alinipa sharti moja tu: "Wewe ukweni ni gunia la mpunga. Unakaa. Naongea mimi. Ukifumbua mdomo, binti tumemkosa." Na mimi yule binti nilimpenda mpaka ugali ulikuwa haushuki. Nikaapa kuwa gunia.

Tukapanda bodaboda, tukapita hifadhini, ndorobo, wale nzi wa porini wanaong'ata, wakatutafuna njia nzima. Nimevaa suruali ya kitambaa ya kuazima kwa kaka yangu, imebana hiyo, ukikaa inalalamika.

Sebuleni baba mkwe akanionyesha kiti cha kona. "Hapo hapo, kijana. Usikisogeze." Chini yake kulikuwa na majivu yamemwagwa. Nikajisemea, labda Wapimbwe ndo wanavyokaribisha wageni.

Maongezi yakaanza. Kitu kikaning'ata gotini. Nikajua ndorobo huyo, nimembeba toka hifadhini bila nauli. Nikajipiga kofi. Kikang'ata paja. Nikajipiga tena. Huyu ndorobo alikuwa anapanda, tena na ukoo wake wote.

Baba mkwe akamgeukia mshenga. "Mzee mwenzangu, tuambiane ukweli. Kijana wenu hana tatizo mnalotuficha? Kifafa?"

"Hana tatizo lolote. Mzima kama chuma."

Chuma kikaruka kwenye kiti.

"Na hiyo je?"

"Furaha tu hiyo."

Mimi jasho linatiririka, meno nje kama kichwa cha mbuzi buchani. Halafu wale wang'ataji wakafika sehemu ambayo siwezi kuitaja. Gunia likapasuka.

"Shikamooni! Nang'atwa jamani!"

Nikavua suruali mbele ya wakwe. Ikagoma magotini. Mshenga akavuta mguu mmoja, ikachanika mpaka kiunoni. Tukawaona: siafu, weusi tii, wamenishika kama wananidai.

Mama mkwe akajifunika uso na kanga, lakini mdomo akausahau nje: "Baba, si nilikwambia majivu hayawawezi hao!"

 Kumbe siafu walishatoboa sakafu siku nyingi. Wenyeji waliona aibu wageni kulikuta shimo, wakaliwekea kiti. Na juu ya kiti, mimi.

Mshenga akakohoa. "Sasa hapa mwenye tatizo la kuficha ni nani?"

Baba mkwe alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Kiti kikatolewa nje. Jioni ile tulichimba lile shimo, tukamwaga maji ya moto, mimi nimefungwa kanga, nashika jembe na kuongea ninavyotaka. Hakuna aliyenizuia. Ila jibu la binti hakuna aliyenipa, na mimi nikaogopa kuuliza.

Wakati tunaaga, bibi yake mchumba, aliyekuwa amekaa mkekani wakati suruali inachanika, akanivuta mkono.

"Mume wangu," akasema, "wanaume wengine tunagundua yao baada ya ndoa. Wewe tumeshaona yote, na tumejadiliana huko jikoni. Njoo umchukue mkeo. Ila siku hiyo vaa suruali yako."