Yadi ya Gethin Ilipungukiwa Gari Moja

Mwezi wa nne mwaka jana, watu kumi na wawili wa mji wetu walipoteza kazi kwa sababu ya gari moja tu.

Gari lenyewe ninalo mimi. Lipo hapo nje, naliona nikiwa naandika.

Naitwa Delyth, wa hapahapa Lampeter, Wales. Kazi yangu ni kuwazungukia wazee majumbani: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwasikiliza wakiwalalamikia watoto wao. Wengi wako mashambani huko, mmoja mlima huu, mwingine mlima ule. Bila gari sina kazi.

Sasa Januari gari langu la zamani likaanguka kwenye ukaguzi wa mwaka. Fundi alilizunguka mara mbili, akatikisa kichwa, akaniambia nisitupe hela. Chini kote ni kutu.

Nikasema potelea mbali, safari hii nanunua jipya. Miaka arobaini na nane sijawahi kukalia kiti cha gari ambacho hajakikalia mwenzangu.

Tena nilitaka liwe na namba mpya za Machi. Kwetu namba hubadilika Machi na Septemba, mtu akiziona tu anajua gari ni la lini. Msinicheke. Jirani yangu anajua namba za mtaa mzima kuliko anavyojua siku za kuzaliwa za wajukuu zake.

Kaka yangu Gethin alikuwa muuza magari. Miaka ishirini na sita yadi ileile, meza ileile, pale karibu na mlango baridi inapoingilia. Nikamwendea Jumanne moja mwanzoni mwa Februari.

Alinipokea vizuri mno. Chai, biskuti, na kiti akakifuta kwa mkono wake. Tukachukua gari la majaribio, tukaenda nalo mpaka Aberaeron baharini na kurudi, saa mbili nzima. Akanionyesha kila kitufe. Akanirekebishia kiti kwa ajili ya mgongo wangu, maana anaujua.

Tuliporudi akanieleza hali yao, bila kujililia. Kiwanda kiliwapa lengo la magari sitini kwa miezi mitatu, kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi. Wakifikisha, wanaendelea. Wasipofikisha, kiwanda kinang'oa kibao chake na yadi inafungwa, yeye na wenzake kumi na mmoja nje.

"Wewe nimeshakuhesabu," akaniambia. "Wengine nitawatafuta."

Nikacheka. Nikamwambia naenda kuongea na Alun, mume wangu.

Bei aliyoniandikia ilikuwa ya kiwandani vilevile, haijashuka hata senti. Na mimi sikuuliza.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu. Watu wa huku tutakufa njaa kabla ya kumwambia mtu usoni "punguza". Tunaona haya. Tunasema asante, tunapokea karatasi, tunakwenda kununua mahali ambapo hatuonekani. Kwa ndugu ndiyo kabisa, unaanzia wapi?

Alun akaniambia mbona rahisi, ingia kwa madalali wa mtandaoni. Hao hawana yadi wala gari. Unawaambia unataka nini, wanakutafutia yadi ya mbali yenye bei ya chini, wanakula kamisheni yao, wewe unaletewa mlangoni. Hakuna wa kutazamana naye machoni.

"Na Gethin?" nikamuuliza.

"Kwani Gethin ndiye anakulipia mafuta?"

Basi. Jumapili mchana, sahani za chakula bado ziko mezani, nikafungua kompyuta.

Akatokea mmoja wa kuandikiana naye, anaitwa Becky. Picha ya dada anayetabasamu, kipaza sauti mdomoni. Adabu tupu. Akaniuliza aina, rangi, na lini nalitaka. Nikajaza jina na anwani. Akaniomba nisubiri kidogo, halafu akaleta bei.

Pauni elfu tatu na mia mbili chini ya bei ya kaka yangu.

Nilipiga kelele mpaka Alun akaja kuchungulia kuna nini.

Kisha Becky akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia kwa dalali: je, nimeshamuuliza muuzaji wa karibu nami kama anaweza kupunguza?

Sijui nini kilinipata. Mtu usiyemjua ni rahisi kumwagia mambo. Vidole vikaenda vyenyewe.

Nikaandika: "Wa karibu ni kaka yangu. Akinipunguzia hata pauni kumi atanisimanga mpaka nazikwa. Tena si muuzaji wa maana, miaka ishirini na sita hajasogea hata meza."

Nikaona haitoshi. Nikaongeza: "Hata hivyo yadi yao inakufa. Gari langu moja haliwezi kuiokoa."

Zile nukta za mtu anayeandika zikacheza, zikazima, zikacheza tena. Nikaenda kubandika birika la chai, nikarudi, bado tu.

Halafu akajibu: "Nimekuelewa. Nikuwekee oda?"

Nikamwambia weka. Nikampa na nyota tano juu yake.

Gari lilikuja juu ya lori tarehe tatu Machi, limetoka yadi ya huko Leeds. Namba mpya, linang'aa. Jirani alishakuwa dirishani kabla lori halijasimama.

Gethin nilikuwa nimemwandalia uongo. Tulikutana kituo cha mafuta, nikamwahi mimi, nikamwambia kazini kwa Alun wamepewa punguzo la wafanyakazi, sasa ningekataaje. Hakunikatiza. Akalizunguka gari taratibu, akainama kuangalia matairi kama ilivyo desturi yake.

"Rangi imekupendeza," akasema. "Kiti umekirekebisha? Kisije kikakuumiza mgongo."

Akaingia ndani kulipia mafuta yake. Nikashusha pumzi, nikajiambia limepita hilo.

Lakini Machi nzima roho ilikuwa juu. Nilikuwa naulizia pembeni, kwa huyu na yule. Hamsini. Hamsini na nne. Mkulima wa Tregaron kanunua mawili. Bosi wao alikuwa ameshasajili matatu kwa jina la yadi yenyewe ili kuongeza idadi, na kiwanda kilimwambia la nne hawalihesabu.

Tarehe thelathini walikuwa hamsini na nane. Siku ya mwisho asubuhi akaja mwalimu mstaafu, akachukua lake, ikawa hamsini na tisa.

Wakakaa na milango wazi mpaka saa kumi na mbili jioni. Hakuingia mtu mwingine.

Kiwanda hakikusikia cha pungufu moja. Sitini ni sitini. Katikati ya Aprili wakaja watu na ngazi wakang'oa kibao, na nusu ya mji tulikuwa tumesimama ng'ambo ya barabara tukijifanya tuna shughuli zetu.

Sikuweza kulala nalo. Jumamosi iliyofuata nikaoka vikeki, nikaenda kwa Gethin. Anaishi peke yake tangu waachane na mkewe. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama pale jikoni kwake: punguzo la Alun halikuwepo, nilinunua kwa madalali, nilimdanganya, anisamehe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akamimina chai, kikombe chake na changu.

"Najua, Delyth."

"Nani kakwambia?"

"Wewe."

Nikaweka kikombe changu mezani.

"Walinikata nusu ya mshahara tangu mwaka juzi," akasema. "Jumapili nikawa nawajibu wateja wa madalali, hapahapa kwenye meza hii. Tupo wengi, wote tunatumia jina moja. Becky ni mimi."

Jamani, acheni. Nikakalia rundo la nguo zake zinazongoja pasi. Kila neno nililoandika siku ile lilirudi kichwani, moja moja, kwa mpangilio wake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikamuuliza kwa nini aliniwekea ile oda. Akasema angeikataa ningehamia kwa dalali mwingine, kamisheni ikaliwa na mtu baki. Alilipwa pauni arobaini kwa gari langu. Alizitumia kulipia umeme.

"Na bosi alikuwa ameshaniruhusu nikushushie elfu nne," akasema. "Nilikuwa nasubiri uulize. Hata kwa utani ungeuliza."

"Si ungenipigia simu, kaka?"

"Ulishanitukana nikiwa Becky. Nije tena nikuombe nikiwa Gethin?"

Hakupandisha sauti hata kidogo. Afadhali angenirushia kikombe.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi nilimkimbia anijuaye nikakimbilia nisiyemjua, kumbe ni yuleyule, na aliyeliwa akaisha ni yeye.

Umepita mwaka sasa. Wenzake wengine wamehama mji. Mmoja tunapishana dukani, ananitazama kama rafu ya bidhaa. Gethin ana miaka hamsini na sita na hakuna aliyemwajiri huku, kwa hiyo siku sita kwa wiki ni Becky, anawauzia watu magari ya yadi za mbali ili yadi za karibu zife. Alisema hivyo mwenyewe, akacheka kidogo.

Nimemwomba radhi hata sijui mara ngapi. Kila mara ananiambia yameisha. Nikimwalika chakula ananishukuru sana kwa mwaliko, haji. Nikimpigia simu anajibu kwa upole, nikimaliza kusema anauliza kama kuna jingine, kisha ananyamaza mpaka nikate mimi. Tulikuwa tunagombana sana zamani, mimi na kaka yangu, tunaitana majina mpaka mama anatutoa nje.

Wewe unayesoma hapa, kama una ndugu anayeuza kitu chochote, hata vitunguu, nenda kamwambie "punguza" kwa mdomo wako. Akikataa mtagombana, na ugomvi wa ndugu huwa unaisha. Mimi kaka yangu hajanigombeza mpaka leo.