Siku Nilipompakia Mama Mkwe Kwenye Ndege

Cheka kwanza umalize, halafu nikusimulie, kwa sababu najua hata wewe ile video umeiona, Bariadi nzima wameiona, na yule jamaa aliyefunikwa uso na kanga katikati ya mpunga huku mama mtu mzima amemkaba shingo ndiyo mimi, Baba Kulwa, muuza spea za pikipiki, na yule mama si mteja wala shangazi, ni mama mkwe wangu kabisa, aliyemzaa mke wangu. Kama wewe ni Msukuma huhitaji maelezo, najua umeshashika kichwa. Kama si Msukuma, basi elewa hivi: kwetu mtu na mkwewe hawapeani mikono, hawali sahani moja, wakikutana njiani mmoja anakata kona mpaka mwenzake apite, na katika miaka yote ya ndoa yangu kisogo cha yule mama nilikuwa nakifahamu kuliko uso wake.

Sasa ndege ilitoka wapi? Ilitoka kwenye ubishi wangu. Mwaka mmoja mvua zilikata barabara huku kwetu, basi nikajiunga na kundi moja la WhatsApp la watu wanaojiandaa na majanga. Wenzangu walikuwa wanaweka akiba, huyu maharage, huyu dawa za kutibu maji, huyu tochi za jua, mimi nikawaambia nyie mnachekesha, maji yakishaingia ndani hayo maharage utayala umekaa juu ya bati? Mtu anatakiwa aondoke! Nikawa nasema hivyo kila siku mpaka wakanichoka, na kweli, alipotokea Mzungu mmoja aliyekuwa akihesabu wanyama kule hifadhini, anarudi kwao na anauza kile kindege chake chepesi, nikakichukua. (Alinifundisha kukirusha vizuri, tusidharauliane, na mambo ya vibali niliyahangaikia mpaka nikakonda.) Kindege chenyewe ni kama pikipiki ya magurudumu matatu iliyotundikwa chini ya bawa la turubai, injini na pangaboi viko nyuma, rubani mbele, abiria mgongoni kwake.

Mke wangu alikiangalia siku kilipofika, akakizunguka, akasema, "Baba Kulwa, wenzako wananunua ng'ombe."

"Ng'ombe atakutoa kwenye mafuriko?" nikamjibu kwa jeuri. Hilo swali lishike, tutalirudia.

Nilijiandaa, jamani. Mafuta ya akiba, kamba, begi la dawa, mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ili tukikwama tutafune. Ila sikuwahi kujiuliza ni nani hasa atakayeokolewa. Kile kiti cha nyuma kiko hivi: abiria anakaa amekubana, magoti yake huku na huku ya kiuno chako, kama mmepakizana bodaboda. Kichwani kwangu abiria alikuwa mke wangu, au mapacha wangu, Kulwa na Doto. Mkwe? Wala hakunipitia akilini.

Basi masika haya mvua ikapiga usiku na mchana, na asubuhi moja shemeji yangu Masunga akanipigia kutoka Ngulyati, kijijini kwa mama mkwe. Mama mkwe alikuwa amejikata mguu na jembe shambani, akaona ni kidonda tu, akafunga kitambaa akaendelea kupalilia, sasa mguu umevimba mpaka gotini na homa juu. "Shemeji, wa zahanati wanasema hospitali leo, siyo kesho, kesho watazungumzia kukata. Na barabara imeliwa na maji, bodaboda wote wamegeuza." Mke wangu alikuwa kasimama mlangoni mwa duka, kasikia yote, machozi yanamtoka bila sauti. Nikamwambia Masunga, "Nakuja."

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa heshima mpaka leo. Lakini mimi na kujisifu! Kabla sijavaa hata kofia ngumu nikarekodi sauti kwenye kundi, "Ndugu zangu, siku tuliyokuwa tukiisema imefika, naelekea Ngulyati kuokoa maisha," na sauti hiyo ikafika Ngulyati kabla yangu. Mvua ilikuwa imekatika, anga imefunguka, nikaruka vizuri, nikatua kwenye uwanja wao wa mpira, nakuta umati kama siku ya mnada, jumuiya yake yote ya kanisani imo, kila mtu na simu juu.

Mama mkwe akaletwa kwenye mkokoteni wa maksai, amejifunika kitenge. Nikashuka, nikageuza uso kuelekea goli, nikamwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia akiwaangalia maksai. Mpaka hapo adabu tupu. Kisha Masunga akamwonyesha pa kukaa.

Halafu nikamsikia anamwambia Masunga (maana mimi hasemi nami), "Mwambie mkwe nitakaa nyuma kabisa, mkiani."

"Hakina mkia, mayu."

"Basi anifunge kamba kwa chini."

"Mayu, wewe si gunia!"

"Kwa hiyo unataka nimpanulie mkwe wangu magoti mgongoni, mbele ya jumuiya nzima? Niacheni na mguu wangu. Uoze."

Hasira zikanipanda, nikageuka nimwambie ukweli wake, na katika kugeuka kitenge kilikuwa kimesogea, nikauona mguu. Mweusi, unang'aa, umejaa. Kundi, sifa, video, vyote vikatoka kichwani, nikabaki na hofu tu, kwamba yule mama aliyenipa mke atalala pale kwenye mkokoteni kwa sababu ya kiti nilichokiona kizuri kikiwa dukani kwangu.

Akina mama wa jumuiya ndio waliotupatanisha. Wakaleta kagunia kalikojazwa pamba, kakawekwa katikati yetu, halafu wakatundika kanga kati ya kiti changu na chake, kama pazia, wakaifunga juu kwenye bomba linaloshika bawa na chini kwenye fremu. Mama mkwe akaitazama ile kanga, akasema, "Hapo sawa. Simwoni, hanioni."

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Yule Mzungu alinifundisha kwa ukali kwamba chochote kinachopepea kibaki chini, na nililijua hilo kama ninavyojua jina langu, lakini nani angemwambia mama mkwe, baada ya kukubali kwa tabu namna ile, kwamba atoe stara yake? Niliona haya. Nikasema kimoyomoyo, safari yenyewe fupi, itashika.

Haikushika. Tukakimbia uwanjani, tukanyanyuka, umati "Eeeeh!", tumefika kimo cha paa la nyumba, fundo la chini likafunguka, upepo ukampiga mama mkwe na kanga, naye akaisukuma mbele kwa nguvu, nzima ikanifunika uso, nikawa naona maua mekundu tu. Nikazima injini, nikashusha kwa kubahatisha, na mungu wa wajinga yupo, tukatua taratibu kwenye jaruba la mpunga pembeni ya uwanja, magurudumu yakazama, tukasimama. Ila katika kushuka huko mama mkwe alikuwa ameruka ile pamba, amenikaba shingo kwa mikono miwili na kupiga kelele, "Mabula! Mabula we! Usiniue, Mabula!"

Mabula ndilo jina langu. Hajawahi kulitamka tangu nimwoe binti yake, haitakiwi, na sasa amelitamka kwenye simu za watu wote wale. Sauti ya mama mmoja ikasikika, "Yesu na Maria, amemtaja!" na hapo kicheko kikapasuka, watu wanashikana mabega wasianguke.

Nikiwa nimezama matopeni mpaka magotini, simu ikaita. Mke wangu.

"Mmefika?"

"Bado kidogo."

"Mko wapi?"

"Kwenye mpunga."

Wakati huohuo Masunga alikuwa anawafungua maksai wa mkokoteni, akawafungia mnyororo kwenye ndege, "Haya, vuta!", na wale ng'ombe wakaitoa tope kwa tope, bila haraka, chombo changu cha kunitoa kwenye mafuriko. Swali langu kwa mke wangu likanirudia, nikalimeza.

Mama mkwe walikuwa wamemkalisha kwenye tuta, matope mpaka kwenye nyusi. Nikachuchumaa mbali nimempa mgongo, nikasema, "Mayu, nisamehe." Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia maishani, yule mama anacheka, anacheka na homa yake mpaka anakohoa, na alipomaliza hakumtuma Masunga, aliniambia mwenyewe.

"Mabula. Jina nimeshalitaja. Shingo nimeshaikaba. Aibu gani imebaki hapa? Nipeleke hospitali."

Tukaosha ndege, tukakagua kila nati na kila waya, nikairusha mzunguko mmoja peke yangu, iko sawa. Ndipo akapandishwa, magoti huku na huku, na ile kanga akaikunja akaikalia. Tulipopita juu ya maji, ambako barabara ilikuwa imepotea kabisa, nikahisi mikono yake imelegea, na sauti ikapenya katikati ya mngurumo: "Lile shamba langu lile? Mbona dogo hivyo? Na ninavyochoka!" Nikacheka peke yangu mbele kule, machozi yanakaushwa na upepo.

Bariadi mke wangu alikuwa anatusubiri na gari la jirani. Hospitali wakasema tumewahi. Mguu umebaki, na juzi nimeambiwa ameshika jembe tena, safari hii na mabuti.

Wazee wa ukoo waliniita, wakasema nipeleke mbuzi wa kusafisha ile aibu, nikapeleka, na tumerudi kwenye heshima zetu, yeye na kisogo chake, mimi na goli langu. Mimi na kitambaa kwenye ndege basi, hata leso ya mfukoni naiacha nyumbani. Kiti cha nyuma, baada ya kuwauliza wanaojua, nimekigeuza, abiria anaangalia alikotoka, tunapeana migongo. Wenzangu wa kundi walinicheka wee, halafu mmoja mmoja wakaanza kuniuliza faragha kile kiti nilikigeuzaje, maana na wao wana wakwe.

Wiki iliyopita mawingu yakajikusanya tena upande wa Ngulyati, meusi kweli. Mke wangu akaja dukani na simu mkononi, anabana kicheko.

"Mama amepiga. Yeye hawezi kukuuliza, kwa hiyo nakuuliza mimi. Anasema, mafuta ya ndege yapo?"