Moto wa Kuomba

Wiki iliyopita nilirudi Makote, huku Newala, na kitu cha kwanza nilichokitafuta uani kwa marehemu bibi yangu ni mafiga. Sikuyaona. Mjomba, ambaye ndiye anayekaa pale sasa, alinionyesha kwa madaha jiko lake la gesi na sola iliyolala juu ya bati. Nilimpongeza kwa moyo mmoja, maana vitu kama hivyo ndivyo vinavyonilisha. Naishi ughaibuni, kwenye nchi ya barafu, na kazi yangu ni utafiti: natafuta vitu vinavyoweza kukaa ndani ya betri vikatunza umeme kwa muda mrefu. Watu wa kule wakiniuliza nilianzia wapi kazi hii, huwatajia walimu wangu wa chuo. Wewe ni mtu wangu, sikufichi. Nilianza na gunzi la mahindi.

Enzi zetu kiberiti kilikuwepo, usidhani tuliishi pangoni, ila bibi alikiweka kwa ajili ya taa. Moto wa kupikia ulilazwa chini ya majivu jioni ukaamshwa asubuhi, na ukikutwa umekufa, mtoto alitumwa kuomba kwa jirani. Hapo ndipo ilipokuwa raha yangu. Unapiga hodi, unatoa shikamoo, unaulizwa habari za kwenu mpaka za kuku, unapewa kipande cha muhogo wa kuchoma, ndipo unawekewa kaa la moto juu ya kigae. Nilirudi nimejaa habari: nani ana homa, nani kapata mgeni kutoka Masasi, nani kachimba ming'oko minono, vile viazi vya porini. Bibi alikuwa akinionya, "Moto wa kuomba hauuawi na upepo, huuawa na soga." Akishamaliza kunionya, anavuta kigoda karibu. "Haya, wamesemaje?"

Mwaka ninaoukumbuka kuliko yote, bibi na jirani yetu wa ubavuni walikosana. Palikuwa na mkorosho uliosimama kwetu ukainamia kwake, na msimu ule jirani aliamka mapema akafagia chini ya matawi mpaka upande wetu wa mpaka, korosho zetu zikaenda pamoja na zake. Bibi hakutukana. Alinuna, na kununa kwa bibi kulikuwa kuzito kuliko matusi. Wanawake wale walikuwa wametwanga kwenye kinu kimoja tangu usichana wao, na mjukuu wa jirani ndiye aliyekuwa mwenzangu wa kucheza kombolela. Sasa hata salamu ikawa hakuna. Nilikatazwa kukanyaga kule, na moto nikawa naufuata kwa mwalimu, mbali, karibu na barabara ya kwenda mjini.

Mwalimu alikuwa mtu wa kuja, kaletwa na kazi kutoka mkoa mwingine, na alinipa moto bila hiyana. Tatizo lilikuwa njia. Kaa la moto juu ya kigae lilipoa kabla sijafika hata nusu. Nikasema nitalilisha likiwa safarini, nikajaza maganda ya korosho. Weee! Yaliwaka kwa hasira, moshi mweusi, mafuta yakaniruka mkononi, na nyumbani nikafikisha masizi matupu na malengelenge. Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. "Hayo yana haraka kama wewe," aliniambia. "Tafuta chenye subira." Nikajaribu kuni, nikajaribu kifuu, mwisho nikajaribu gunzi kavu la mahindi, nikalichomeka kwenye makaa mpaka likashika, kisha nikalifukia kwenye majivu ndani ya kigae. Lilifika. Nilipolipuliza, likafumbua jicho jekundu, nami nikarukaruka uani kama mwendawazimu. Nimepata matokeo mazuri maabara tangu wakati ule, lakini furaha ile sijaipata tena.

Kisha ikaja siku ya binamu yangu kutoka jandoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha, paa la jiko likavuja, asubuhi majivu yalikuwa uji na kiberiti kimelowa. Kisamvu kimeshatwangwa, kuku wameshachinjwa, mafiga ya baridi. Ngoma zilianza kusikika kutoka upande wa kambi ya jando, na wari, vijana waliotoka jando, wakifika wakute jiko limezima, ingeonekana bibi hakumngoja mjukuu wake. Nilikimbia kwa mwalimu na gunzi langu, nikarudi na manyunyu yameshaliua. Nikakimbia tena, likafa tena.

Nilipokuwa napita mara nyingine, nalia, jirani alikuwa amesimama mlangoni kwake.

"Wee mjukuu, njoo hapa!"

"Bibi kanikataza."

"Nangu, mimi, sigombani na mtoto. Lete hilo gunzi."

Alilichomeka kwenye moto wake, akalitia ndani ya chungu, akafunika kwa kifuniko, na juu yake akanitandikia khanga yake mwenyewe. "Mwambie bibi yako," alisema, "moto huu sikuufagia mpakani."

Bibi alipoona nimewahi hivyo, aliuliza mwalimu amehamia wapi. Nikautoa ujumbe kama nilivyotumwa, neno kwa neno, nikasubiri kofi. Bibi aliitazama ile khanga. Aliuma mdomo, mabega yakaanza kumcheza, kisha akaangua kicheko mpaka akakaa juu ya kinu. "Mjinga yule," alisema huku akijifuta machozi. "Nenda kamwambie aje na mwiko wake." Jirani alifika ameshajifunga kibwebwe, mwiko mkononi, nadhani alikuwa akinisubiri nyuma ya ua. Walipika huku wakibishana juu ya chumvi, na wari walipoingia wakimeremeta mafuta na nguo mpya, vigelegele vyao wawili vilizidi vya kijiji kizima.

Nilipokwenda ughaibuni, bibi alinipigia simu akauliza, "Huko ukizimikiwa moto, unakwenda kwa nani?" Nikamweleza habari za umeme, majiko, betri zangu. Alinisikiliza kwa adabu zote. "Nimesikia," akasema. "Unakwenda kwa nani?" Majirani zangu wa ghorofani niliwajua kwa viatu vyao tu, vilivyopangwa milangoni. Nililia kidogo, halafu nikapika chapati, nikagonga mlango wa pili. Mama wa mle alishtuka kana kwamba nimekuja kumkamata. Leo hii, nikisafiri, ndiye anayenimwagilia maua.

Nikifanikiwa katika kazi yangu, hapatakuwa na mtoto Makote wa kutumwa moto alfajiri. Nafurahi, kwa sababu nakumbuka macho ya bibi yalivyoumizwa na moshi. Lakini nimekaa uani siku hizi chache, nimeona kila nyumba inajiwashia yenyewe, na hodi za asubuhi sizisikii. Zile hodi nazipenda, na sijui zinatunzwa ndani ya nini.

Jana nilivuka kwa jirani. Bado yupo, amepinda mgongo, sauti ni ileile. Nilitoa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitambua.

"Nimekuja kuomba moto," nikasema.

Alinikazia macho, kisha akacheka kwa fizi zote. Akajikokota mpaka kwenye jiko lake la gesi, kumbe naye analo, akazungusha kitufe, mwali wa buluu ukatokea.

"Huu haubebeki kwa gunzi," alisema. "Itabidi upike hapa hapa."

Nikarudi mbio kwa mjomba kuchukua mwiko wa bibi.