Aliyepika Aonje Kwanza

Mume wangu anapika pombe. Nalisema mapema, maana mtaani kwetu hapa Bariadi nimeulizwa jambo hili mara nyingi kuliko nilivyoulizwa jina langu: kwani wewe, Joyness, hujui kupika mpaka mwanaume ajisumbue? Mimi ni Msukuma wa Maswa, najua vizuri wanachouliza. Kwetu pombe ni kazi ya mwanamke. Mwanaume akionekana anakoroga pipa, watu hawamtafuti kasoro yeye, wanamtafuta mkewe.

Deogratias si wa huku. Ni mtu wa Arusha, na kwa miaka sita alifanya kazi kwa mzungu mmoja aliyekuwa akipika bia kidogo kidogo za kila namna: nyeusi, nyekundu, chungu, ya asali. Alianza kwa kuosha mapipa, akaishia kuwa mpishi. Mzungu akaondoka, kazi ikafa, ugonjwa ukabaki kwa mume wangu. Wala si mlevi. Chupa moja inamtosha jioni nzima. Anachopenda ni kupika, na kuongea juu ya kupika. Mwite mvivu, mwite bahili, atacheka. Mwambie bia yake imeharibika, hatakusemesha siku mbili. Najua, nimewahi kumwambia.

Mimi ni mtaalamu wa maabara. Barua ya kunihamishia Bariadi ilipokuja, wake wengine wangehangaika kuwaza makabati na vyombo. Mimi nilibishana kuhusu mapipa manne, madumu kumi na mawili, chupa tupu zisizo na idadi na mipira ya dripu aliyokuwa ameniomba nimletee kutoka kazini, ya kutolea hewa kwenye mapipa. Kabati langu la vyombo lilibaki kwa shemeji yangu Arusha. Mapipa yalikuja yote.

Na kuna jambo lingine niliseme sasa hivi, maana yote yaliyotokea yamekaa juu yake. Tulipohama nilikuwa na mimba changa, ya tatu. Zile mbili za kwanza tulizitangaza mapema, zikatoka mwezi wa nne, na kila aliyekuja kunipongeza ilibidi arudi kunipa pole. Sitaki kueleza hizo pole zilivyokuwa. Safari hii tulikubaliana asijue mtu, hata mama yangu Maswa, mpaka nivuke hapo. Daktari alinikataza pombe, hata tone. Na hata asingenikataza, harufu yake tu ilikuwa inanikimbiza chooni.

Sasa fikiria mwanamke wa namna hiyo anaishi nyumba ya vyumba viwili na mtu anayechachusha mtama.

Deo alisema hawezi kupika bia ya Bariadi kwa shayiri ya kuagiza. Atatumia mtama wa hapa hapa. Akalowesha kilo kumi na tano na kuzitandaza sebuleni ziote, akazifunika kwa magunia aliyopewa na jirani. Yalikuwa magunia ya pamba. Kimea kikaota vizuri, bia ikatoka na ladha ya dawa ya kunyunyizia viwavi. Hapo ndipo nilipomwambia imeharibika, na ndipo aliponinunia siku mbili. Mara ya pili kimea kikawa kizuri, lakini mwenye mashine ya kusaga akakataa kukisaga, eti kitaacha harufu na sembe ya watu wa kanisa itanuka kilevi. Kikatwangwa kwenye kinu. Nani alitwanga? Maji ya kisima yakawa na chumvi, akaanza kunywesha mapipa maji ya kununua wakati sisi tunaoga ya kisima. Joto likawa kali mno kwa hamira, akaliviringishia pipa kitenge changu cha send-off akawa anakimwagia maji kila saa. Nilipomuuliza kwa nini kitenge hicho, alinijibu kwamba kinashika maji vizuri kuliko vingine.

La hopsi ndilo lililonimaliza. Hopsi ni maua makavu yanayotia bia uchungu, na ukiyaona hujayazoea utaapa ni bangi. Rafiki yake wa Arusha aliyatuma kwa basi, na kwenye kifurushi akaandika namba yangu ya simu, kwa kuwa mimi ni mtumishi wa serikali na ninaheshimika. Karani wa vifurushi pale stendi alinipigia, nikamkuta amesimama na askari.

"Dada, mzigo wako unanuka," karani aliniambia.

"Ni maua ya pombe," nikasema.

"Pombe ina maua?" askari aliuliza.

Nilieleza mbele ya abiria wa kwenda Lamadi na wa kwenda Maswa, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, nikiwa na sare yangu ya kazi. Mwishowe askari alichukua ua moja akalitafuna, uso ukamkunjamana, akatema.

"Hii hata mvutaji hawezi kuivuta," akasema. "Chukua, dada. Na pole."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya kuvunja chupa. Deo alikifungua kifurushi, akanusa kwa macho yaliyofumbwa, akaniuliza kama hawakukiweka juani.

Nyumba ya pili kutoka kwetu anaishi Mama Nyanjige. Yeye ndiye anayepikia mtaa mzima pombe ya mtama, walwa tunavyoiita kwetu, na mkono wake unajulikana mpaka Itilima. Deo alikuwa anakwenda kwake na daftari. Anauliza analowesha siku ngapi, anapika mara ngapi, anajuaje kwamba imeiva. Yule mama alimjibu kila kitu, na kila alipomjibu alicheka, kwa sababu hajawahi kuona mwanaume anaandika mambo ya jikoni. Hakuamini hata kidogo kwamba anapika mwenyewe. Aliamini ninamtuma mimi, naona aibu kuuliza.

"Mwambie mkeo aje mwenyewe, shemeji," alikuwa akimwambia. "Simli."

Deo akaweka kichwani jambo moja: Mama Nyanjige anywe bia yake na aseme ni nzuri. Basi. Hakutaka kuiuza, hakutaka sifa kwa mtu mwingine yeyote. Bia ya nne ilipokubali, nyekundu, ya mtama na asali, akaita majirani Jumamosi saa nane mchana. Nilimwambia asubiri. Nilimwambia pia kwamba nikikaa karibu na lile pipa nitatapika mbele za watu. Akasema nikae upande upepo unakotoka. Huyo ndiye mume wangu. Alikuwa ameshapima hata upepo.

Walikuja kumi na mmoja. Mzee Mahona, mwenye nyumba wetu na ndiye balozi wa nyumba kumi, alikaa kwenye kiti cha mbele. Mama Nyanjige alikaa karibu yangu. Deo akamimina vikombe, akagawa kwa mikono miwili, kisha akanyanyua chake akakinywa chote mbele yao, kama inavyotakiwa, ili waone hakuna ubaya ndani.

Hakuna aliyenyanyua kikombe.

"Tumekuona, shemeji," Mama Nyanjige alisema. "Umefanya vizuri. Lakini aliyepika ndiye anayeonja kwanza."

"Mama, ni mimi niliyepika."

Wakacheka wote, kicheko kizuri tu, cha watu wanaomsikia shemeji anatania. Mama Nyanjige akachukua kikombe chake akaninyooshea, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Haya, mayu. Tutolee uchawi tunywe. Tumekauka."

Nilikuwa naijua desturi hiyo tangu mtoto. Huonji kwa ncha ya ulimi. Unakunywa kikombe chote na kuonyesha kiko tupu. Mkono uliopika ukikataa kunywa, mkono huo umetia kitu. Na mimi nilikuwa nimekaa pale natazama lile povu jekundu. Ningekunywa, ningetapika pale pale miguuni pa balozi, na sumu ingekuwa imethibitika. Ningesema sinywi kwa ajili ya dini, walikuwa wananiona misani kila Jumapili, na sisi Wakatoliki hatuna pa kujifichia. Ningesema natumia dawa, wanawake wale wangekuwa wameshahesabu mpaka miezi tisa kabla sijamaliza sentensi, na kabla ya jioni mtaa mzima ungekuwa unaniombea heri. Nilishaombewa heri mara mbili. Nilikuwa naogopa heri za watu kuliko ninavyoogopa laana zao.

Nikasema, "Mimi leo hapana."

Mama Nyanjige hakurudisha mkono. Mzee Mahona akakiweka kikombe chake chini taratibu, akasogeza mguu usikiguse. Wengine wakaona, nao wakaweka. Kwetu watu wakishaweka vikombe chini hivyo nyumbani kwa mtu, mtu huyo huhama.

Nikamtazama Deo. Nilijua ataeleza. Alikuwa na kila haki ya kueleza: kwamba mimba, kwamba daktari, kwamba bia ni safi na ni yake, miezi miwili ya kazi. Nilimwona anavuta pumzi. Nikasema moyoni, haya, limetoka.

"Mke wangu anakataa kwa sababu anajua," Deo alisema. "Aliniambia tangu juzi kwamba imeharibika. Nikambishia. Mimi ndiye niliyelazimisha kuwaita."

Akapokea kikombe nilichokuwa nimenyooshewa, akakimwaga. Akazunguka akikusanya vikombe vyote, kimoja kimoja, akaomba radhi kwa kila mtu kwa jina lake. Kisha akalikumbatia pipa, akalipeleka kwenye mtaro, akaliinamisha. Lilichukua muda kuisha. Uwanja mzima ulinuka asali.

Mama Nyanjige alimfuata. Alichovya kidole kwenye povu lililobaki ukingoni, akanusa.

"Haijaharibika hii," akasema.

"Imeharibika, mama. Mkono wangu ndio mbaya."

"Shemeji, mimi napika tangu sijaolewa."

"Imeharibika," Deo akasema tena.

Walikunywa soda. Waliondoka wakicheka na kumpa pole, na mmoja akasema si ajabu, ndiyo maana kazi hii Mungu aliwapa wanawake. Wa mwisho alipotoka nilikimbilia nyuma ya nyumba nikatapika. Nilipomaliza nilimgombeza, kwa sababu nilikuwa nimejazwa hasira na hapakuwa na mwingine wa kugombezwa. Kwa nini aliwaita? Kwa nini hakunisikiliza? Alikuwa amechutama anasugua pipa.

"Hukuimeza hata kidogo?" akauliza.

"Sikuimeza."

"Basi," akasema, akaendelea kusugua.

Hilo lina wiki sita sasa. Mtaa umempa jina la Fundi Machicha, kwa yale makapi yanayobaki chini ya pombe. Wanawake wananionea huruma kwa heshima, na Mama Nyanjige ananiletea uji wa ulezi, eti maskini, nimeolewa na mtu mbishi. Wiki iliyopita nilitimiza wiki ya kumi na tisa ya mimba. Zile mbili hazikufika hapo. Nilimwambia Deo sasa nakwenda kumweleza Mama Nyanjige ukweli wote, ili yeye Deo arudishiwe jina lake. Akanikataza. Anasema tusubiri tumshike mtoto mkononi kwanza.

Jana nilikuwa nafua, nikamsikia Mzee Mahona anamtania getini.

"Shemeji, bado tu hujajua kupika?"

"Bado, mzee," Deo alisema. "Sijui kabisa."

Niliziacha nguo kwenye beseni nikakaa chini, maana najua inavyomuuma kusema hivyo.