Mjomba Anamlilia wa Kwenye Tivii, Mimi Ananirudisha kwa Mume

Admin, nifichie jina, lakini hasira zangu ziache kama zilivyo, usipunguze hata neno. Mimi ni mwanamke wa miaka 32, mzaliwa wa Nachingwea, nimeolewa Ruangwa huu mwaka wa tisa, nina watoto wawili. Sasa hivi niko kwa mama yangu na Jumamosi hii natakiwa nirudishwe kwa mume. Nasema nirudishwe kwa sababu hakuna aliyeniuliza kama nataka kurudi.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa tamthilia. Ikifika saa nane mchana, vyombo nimeshaosha, usinitafute. Na zile filamu za mapenzi za kuchekesha zilizotafsiriwa, nilikuwa najaziwa kwenye flashi pale sokoni Ruangwa, jioni naangalia na baba watoto. Alikuwa anacheka kuliko mimi. Kumbe mwenzangu alikuwa darasani.

Msimu wa korosho aliniambia wezi wamezidi, itabidi alale shambani kwetu, kule kijijini Chunyu. Korosho zikaisha, akasema sasa kuna ufuta. Ufuta ukavunwa, akasema anasafisha mikorosho. Nikamwamini, tena nikamhurumia. Siku moja nikapika ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, nikapanda bodaboda nimpelekee. Palipokuwa na kibanda chetu cha kulindia shamba nikakuta nyumba ya bati, na mwanamke mlangoni ananyonyesha. Akanipokea vizuri kabisa: "Karibu dada. Baba mtoto kaenda kuchota maji, anarudi sasa hivi." Kuchota maji! Mwanaume ambaye kwangu hajawahi kugusa ndoo! Nilipojitambulisha yule dada akaanza kulia. Yeye aliambiwa mimi nilishaachika zamani. Mtoto wake ana meno mawili tayari. Nikamwachia ule ugali, sina ugomvi naye, nikageuza.

Msije kuniambia dini imemruhusu. Najua imemruhusu, mimi ni Muislamu na sijakataa. Lakini dini haikumruhusu kuniambia analinda ufuta.

Nikachukua wanangu nikaja kwa mama. Kwetu sisi mtoto wa kike akiwa na shauri la ndoa, mwenye kauli ni mjomba, na mjomba wangu anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Hana tivii, kwa hiyo kila mchana anakuja kwa mama kuangalia tamthilia. Mzee ana miaka sitini na kitu na hakosi hata siku moja. Sasa kwenye hiyo tamthilia yupo dada ambaye mume wake alikuwa na familia nyingine kwa siri, na wakwe wanamlazimisha arudi. Mjomba alisimama katikati ya sebule anamnyooshea kidole yule mume: "Mjinga huyu! Binti asirudi! Hivi huyu mtoto hana wajomba?" Akatoa leso akafuta macho. Mimi nikajisemea moyoni, alhamdulillah, nimepata mtetezi.

Kesho yake baba watoto akaja. Hakuja kama watu wanavyokuja, na mshenga, kwa adabu. Alikuja na bodaboda tatu za marafiki, ameshika maua ya plastiki, spika inapiga wimbo wa mapenzi. Akapiga magoti nje, kwenye vumbi, majirani wamejaa, marafiki zake wanarekodi na simu. "Mke wangu, bila wewe mimi si kitu!" Watu wakapiga vigelegele. Jioni ile ile video ilikuwa imeshazunguka magrupu ya Ruangwa, watu nisiowajua wananiandikia, "Dada msamehe, wanaume kama hao wameisha."

Kitu kile alikitoa kwenye filamu zangu! Ndiyo maana siku hizi nazichukia. Mwanaume anadanganya filamu nzima, dakika kumi za mwisho anakimbia stendi, anaomba radhi mbele ya umati, wanakumbatiana, imeisha. Hakuna anayemuuliza kwa nini alidanganya. Mnasema tamthilia zinatuharibu sisi wanawake, zinarefushwa, mtu analia wiki mbili kwa kofi moja. Sawa. Lakini tamthilia haisahau. Kosa la leo utaliona linarudi mezani baada ya sehemu mia, na aliyelifanya atajibu tu. Baba watoto yeye mpaka leo hajajibu swali hata moja. Nilipomuuliza atamwambia nini yule dada wa Chunyu, akasema, "Hayo tutaongea nyumbani."

Basi mjomba akaniita. "Mwanangu, mwanaume kapiga magoti mbele za watu. Unataka nini tena? Ndoa ni kuvumilia. Jumamosi atakuja kukuchukua." Nikamwambia, "Mjomba, juzi hapa hapa ulisema binti asirudi." Akanikazia macho. "Yule ni wa kwenye tivii. Wewe ukikataa, usinihesabu tena. Likikupata jambo, usije kugonga kwangu." Mama alikuwa pembeni anachambua mchele, hakuinua hata uso. Mama hana kauli mbele ya kaka yake.

Nimelia kwa hasira mpaka kichwa kinauma. Machozi ya mjomba yote yameishia kwa mwanamke asiyemjua, anayelipwa kulia. Mimi niliyebebwa mgongoni kwake sikubakiziwa hata tone.

Na kuna jambo sijamwambia mtu, ndilo linanitesa zaidi. Alipopiga magoti pale kwenye vumbi, pamoja na uongo wake wote ninaoujua, moyo wangu ulilegea. Kidogo tu niende kumwinua. Najichukia kwa hilo. Nikikataa nampoteza mjomba, na mwanamke asiye na mjomba huku kwetu hana pa kusimamia. Nikirudi, nitakuwa nimemfundisha kwamba maua ya plastiki yanatosha.

Jumamosi ni keshokutwa, ndugu zangu. Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Ila anayetaka kuniandikia "vumilia," kwanza anitajie ni swali gani nimuulize huyu mwanaume, na akikaa kimya, nivumilie nini.